Paka wangu mwenye kisukari amemgeuka mlezi wake

Shikamoo Shangazi,

Nina paka dume aliyehasiwa, ana miaka 11, anaitwa Pamba. Jina lilimkaa tangu mdogo: ukimbeba analegea mikononi kama nguo iliyotoka kufuliwa. Hajawahi kumparura mtu, hata mtoto anayemvuta mkia.

Miezi mitano iliyopita alianza kunywa maji kupita kiasi, akawa anakojoa mabonge makubwa kwenye boksi la mchanga, anakula sana na bado anakonda. Daktari wa wanyama akampima, ikawa kisukari. Tangu siku hiyo namchoma insulini mwenyewe, yuniti 3 saa kumi na mbili asubuhi na yuniti 3 saa kumi na mbili jioni, akishakula.

Mchana niko kazini. Kuna binti mmoja anayekuja kila siku ya kazi saa saba mchana: anabadilisha maji, anasafisha boksi, anampa chakula kidogo, anakaa naye nusu saa. Wamejuana miaka miwili. Pamba alikuwa akisikia tu ufunguo wa binti huyo anakimbilia mlangoni.

Kwa wiki tatu sasa hali imegeuka. Binti akiingia Pamba anamfokea, anatunisha manyoya, anajibanza. Mara mbili amemrukia miguuni. Jana amemng'ata kifundo cha mkono hadi meno yakazama.

Nilifunga kamera sebuleni bila kumwambia (najua, usinigombeze). Ninachokiona kinanichanganya. Pamba amejikunja nyuma ya kochi, macho yamekuwa meusi yote, mdomo unacheza kama anatafuna kitu wakati hana kitu mdomoni. Binti anapiga magoti mbali kidogo, anamwita kwa upole. Pamba anatoka, miguu ya nyuma kama inamteleza, anafoka, anarudi kujificha. Akiwekewa chakula anakifakamia kama aliyekaa na njaa siku mbili. Kisha, baada ya kama dakika ishirini, huyo huyo anajilamba, anapanda mapajani kwa binti na kulala. Huu si unafiki?

Dada yangu anasema paka hajui kusema uongo, kwa hiyo lazima binti anamfanyia kitu pale ambapo kamera haifiki. Rafiki yangu anasema ni kisasi cha sindano, maana wiki mbili zilizopita nilisafiri siku nne na binti ndiye aliyekuwa anamchoma. Cha ajabu, siku hizo nne alimchoma asubuhi na jioni bila matata yoyote. Ugomvi ulikuwa mchana, na mchana hakuna sindano.

Kisukari chenyewe nashukuru kinaenda vizuri. Wiki tano zilizopita nilimwachisha chakula kikavu, nikamhamishia cha kopo chenye nyama, baada ya kusoma kwamba wanga hauwafai paka wa aina hii. Maji hanywi tena kama zamani, mabonge ya mkojo yamekuwa madogo, uzito umetulia. Kliniki sijarudi kwa sababu sioni tatizo. Mwisho wa wiki tukiwa wote nyumbani hana neno: asubuhi anacheza, mchana anaingia uvunguni mwa kitanda na kulala hadi jioni. Nadhani ni uzee.

Nimeamua kuanzia Jumatatu nimsimamishe binti, Pamba abaki peke yake na chakula chake mpaka nirudi. Lakini moyo unasita. Nakosea?

Mwenye Pamba

* * *

Marahaba mpwa wangu,

Nianze na mkono wa binti, kwa sababu umeutaja kwa sentensi moja ukapita. Jino la paka ni jembamba na refu. Linatoboa kitundu kidogo kinachojifunga haraka juu, na bakteria wa mdomoni wanabaki ndani, jirani na mishipa na viungo vya kifundo. Mkono wa namna hiyo unaweza kuvimba ndani ya siku moja. Kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, hata kama kilishaoshwa jana, na leo hii aende hospitali. Mpe kadi ya chanjo ya Pamba aende nayo, maana daktari atauliza kuhusu kichaa cha mbwa, na mnyama aliyebadilika tabia ghafla akang'ata mtu ni swali ambalo daktari yeyote makini hataliruka. Gharama lipa wewe.

Sasa Pamba. Barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara jicho limekwama kwenye saa.

Unamchoma saa kumi na mbili asubuhi. Kwa hesabu zetu za saa, jina la saa lenyewe linakufanyia kazi bure: saa saba mchana ni saa ya saba tangu insulini iingie mwilini. Na kwa insulini nyingi wanazopewa paka, sukari ya damu hufika chini kabisa kati ya saa ya nne na saa ya nane baada ya sindano, halafu hupanda polepole hadi sindano inayofuata. Kwa maneno mengine, wewe unamwona Pamba saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, wakati sukari yake iko juu kuliko saa nyingine zote za siku. Binti anamwona wakati iko chini kabisa. Mnatunza paka wawili tofauti, na kila mmoja wenu anasema kweli.

Ninachokiogopa ni kwamba Pamba anapata dozi kubwa kuliko anayoihitaji, na kila mchana sukari yake inashuka mno.

Tazama tena video zako ukiwa na wazo hilo kichwani. Ubongo unaendeshwa na sukari, wala hauna ghala la kuiweka. Ikipungua kwenye damu, mwili unapiga king'ora: adrenalini inamwagika, mboni zinatanuka mpaka jicho lote linaonekana jeusi, moyo unaenda mbio, mnyama anakuwa tayari kupigana au kukimbia bila kujua anapigana na nani. Misuli inakosa nguvu, ndiyo ile miguu ya nyuma inayoteleza. Mdomo unaotafuna hewa ni misuli ya uso inayocheza yenyewe. Kisha anakula, sukari inapanda, na baada ya dakika ishirini amerudi kuwa Pamba unayemjua. Unafiki haupo hapo. Inawezekana kabisa binti amemwokoa mara kadhaa kwa kile chakula kidogo cha mchana, bila yeye kujua wala wewe kujua.

Dada yako yuko sahihi kwamba paka hasemi uongo. Tatizo ni kwamba kwa mtu aliyesimama mlangoni, maumivu, hofu na sukari iliyoshuka vyote vinafanana na chuki. Na nadharia ya kisasi uliiua mwenyewe katika barua yako. Paka anaweza kweli kumhusisha mtu na sindano, nimeona wengi. Lakini anayefanya hivyo humkimbia mtu akiwa ameshika bomba la sindano. Pamba alichomwa na binti mara nane akiwa mtulivu, halafu akamfokea mchana alipokuja mikono mitupu. Kinachomsumbua kiko kwenye ile saa saba.

Na huko uvunguni mwisho wa wiki? Umeita uzee. Paka aliyeishiwa sukari si lazima afoke. Wengine hujificha tu, wakalegea kimya. Hakuna anayemfuata huko chini, kwa hiyo hakuna wa kufokewa. Jumamosi hii ingia uvunguni na tochi saa saba. Mwite kwa jina. Uone kama anainua kichwa vizuri.

Halafu kuna habari ulizoniandikia kwa furaha, nami zimenikosesha raha. Umempunguzia wanga. Jambo lenyewe ni jema, madaktari wengi hupendekeza chakula cha kopo chenye protini nyingi kwa paka wenye kisukari. Lakini wanga ukipungua, hitaji la insulini nalo linapungua, wakati mwingine kwa siku chache tu. Yuniti 3 zilizopimwa kwa paka aliyekuwa anakula chakula kikavu zinaweza kuwa nyingi kwa paka anayekula nyama. Juu ya hapo, kisukari cha paka kina tabia moja ya pekee: paka wengine, hasa miezi ya mwanzo ya matibabu, kongosho lao hupumua, likaanza tena kutoa insulini yake lenyewe, hadi ikafika siku hawahitaji sindano kabisa. Kiu iliyopungua na mabonge madogo ya mkojo ndivyo mambo hayo yanavyoonekana kutoka nje. Pengine Pamba anapona. Na paka anayepona huku bado anachomwa dozi ya ugonjwa yuko kwenye hatari kubwa kuliko alivyokuwa siku ya kwanza kliniki.

Wiki ya kwanza umebadilisha chakula, wiki ya tatu vurugu zimeanza. Daktari hakuambiwa. Sikugombezi kwa kamera, nakugombeza kwa hili.

Kwa hiyo usimsimamishe binti. Ukimwacha Pamba peke yake kuanzia saa kumi na mbili hadi saa kumi na mbili, utakuwa umemwondoa mtu pekee anayemwona katika saa zake mbaya, ukaondoa na kile chakula cha mchana. Utarudi jioni umkute ameanguka, au usimkute kabisa.

Cha kufanya leo ni kumpigia daktari kabla ya sindano ya jioni. Mwambie mambo matatu kwa mpangilio huu: chakula kilibadilika lini, saa ngapi anabadilika tabia, na kwamba anayumba. Mpelekee zile video, ndipo kamera yako ya siri itapata kazi ya halali. Usipunguze dozi kwa kukisia wala usiache insulini kwa siku kadhaa kwa uamuzi wako, kwa sababu paka ambaye bado anaihitaji akiikosa anaweza kutapika, kugoma kula na damu yake ikajaa asidi, na hiyo nayo inaua. Lakini ikifika saa ya sindano, daktari hapatikani na Pamba anayumba au amekataa kula, kuruka sindano hiyo moja ni salama zaidi kuliko kuichoma. Sukari ikiwa juu kwa nusu siku kuna muda wa kurekebisha. Ikishuka mno, muda huo haupo.

Omba kufundishwa kumpima sukari nyumbani. Ni tone dogo kutoka ukingo wa sikio, na wengi wanazoea haraka kuliko walivyozoea sindano. Mnapima kabla ya kuchoma, kisha kila baada ya saa mbili kwa siku moja nzima, ndipo daktari anaona sukari inatelemka wapi na kufika wapi. Ikisoma chini ya 60 mg/dL, ambayo kwa kipimo kingine ni 3.3 mmol/L, hiyo ni dharura. Mashine zilizotengenezwa kwa ajili ya watu mara nyingi husoma chini kidogo kwa damu ya paka, kwa hiyo mwambie daktari unatumia ipi. Kuna pia kihisi kidogo kinachobandikwa kwenye ngozi na kusoma sukari mchana na usiku kwa siku kadhaa. Kliniki nyingine wanacho.

Nasisitiza nyumbani kwa sababu ya jambo moja linalowapotosha hata watu wazoefu. Paka akiogopa, sukari inaruka. Paka mzima kabisa, asiye na kisukari, akitiwa kwenye kikapu na kupelekwa kliniki anaweza kusoma zaidi ya 300 mg/dL kwa woga tu. Ukimpeleka Pamba akiwa amekasirika, wakampima mara moja, wakaona namba kubwa, kuna hatari ya dozi kuongezwa badala ya kupunguzwa. Uliza kuhusu kipimo cha fruktosamini, kinachoonyesha wastani wa sukari wa wiki zilizotangulia. Woga wa njiani haukisumbui.

Na angalia bomba lako la sindano. Lazima maandishi yake yafanane na ya chupa: insulini ya U-40 (yuniti 40 kwa kila mililita) kwa bomba la U-40, ya U-100 (yuniti 100 kwa mililita) kwa bomba la U-100. Ukivuta ya U-100 kwa bomba la U-40, paka anapata mara mbili na nusu ya dozi. Nimeliona likitokea kwa mtu makini kuliko mimi, kisa mabomba ya kawaida yaliisha akanunua "yanayofanana".

Binti naye anahitaji kuelezwa, tena leo, kabla hajaingia tena mlangoni kwa hofu. Mwekee asali au sharubati ya sukari mahali asipohitaji kutafuta. Akimkuta Pamba anayumba au macho meusi lakini bado anaweza kula, ampe chakula papo hapo, amwache ale bila kumgusa. Akimkuta amelegea kiasi cha kushindwa kula, apakaze asali kidogo kwenye fizi kwa kidole, upande wa shavu. Asimwage chochote kooni, kitaingia mapafuni. Kama ana degedege asiingize kidole katikati ya meno hata kidogo. Apake kwenye fizi za nje ikiwezekana, amfunike kwa taulo na aende kliniki. Akizinduka apewe chakula. Na hata akizinduka akaonekana mzima apelekwe kliniki vilevile, kwa sababu asali inaisha mwilini mapema na insulini bado iko kazini, anaweza kushuka tena baada ya saa moja. Namba ya kliniki na namba yako ziandikwe kwenye karatasi kubwa jikoni.

Siku utakayosafiri tena, muachie sheria moja zaidi: kama hana uhakika sindano imeingia, manyoya yamelowa au Pamba ameruka katikati, asirudie. Asubiri zamu inayofuata.

Namba zikionyesha kwamba mchana sukari haishuki, daktari atafute maumivu. Kisukari cha muda mrefu kinaweza kuharibu neva za miguu ya nyuma. Paka anatembea akikanyagia kisigino na hataki kuguswa huko. Maambukizi ya njia ya mkojo huwapata sana paka hawa. Kuna meno, kuna viungo vya umri wa miaka 11. Na uliza kama binti amepata paka mwingine kwake, maana harufu ya paka mgeni kwenye suruali inatosha kuanzisha vita. Ningeuliza hilo la mwisho kabisa, lakini ningeuliza.

Dozi ikishawekwa sawa, usishangae Pamba akiendelea kumwogopa binti kwa muda. Kwa wiki tatu amejisikia vibaya kila ufunguo huo ulipogeuka, na hajui habari za kongosho, anajua ufunguo. Binti aingie, aweke chakula, aketi sakafuni kwa ubavu bila kumkodolea macho, asinyooshe mkono. Pamba ndiye aanze. Chukua siku moja ya mapumziko uwepo saa hiyo, wewe umshike Pamba na binti ampe kile anachokipenda zaidi. Wengine hurudi ndani ya siku chache, wengine huchukua mwezi.

Kabla ya daktari, lakini, mpigie binti. Muulize mkono unaendeleaje, mwambie kuhusu kamera wewe mwenyewe kabla hajajua kwa njia nyingine, kisha chukua kalamu umuulize alianza lini kumwona anayumba, siku zipi zilikuwa mbaya, alikula kiasi gani na alichukua dakika ngapi kutulia. Daktari atakuuliza maswali hayo hayo, na wewe hukuwepo.

Shangazi